Pembe Haikutaja Jina

Jumapili, 12 Januari

Nimefika Myamba, kijijini kwetu, jana na begi moja, ndani yake nguo chache na jozi mbili za glavu za kudakia. Daftari hili nimelinunua stendi ya Same, kwa sababu simu yangu haifai tena kuandikia. Kila nikiiwasha nakuta matusi mapya yananisubiri.

Niandike kwanza jambo lenyewe, maana kila mtu analisimulia anavyopenda. Mimi ni Elinaza, kipa wa Nyangumi Queens ya Dar es Salaam, mwaka wa sita huu, na kipa wa timu ya taifa mwaka wa nne. Desemba, baada ya mechi, mtangazaji wa redio aliniuliza hewani lile swali la kila msimu: "Dada Elinaza, pilau tunakula lini? Nani huyo mwanamume mwenye bahati?" Misimu yote nimecheka nikapita pembeni. Siku ile nilikuwa nimeokoa penalti mbili na nimechoka kucheka. Nikasema, "Si mwanamume. Ni mwanamke, na nina furaha naye."

Basi. Hayo tu. Wiki iliyofuata nikasimamishwa. Meneja wetu, Swalehe, akaniita ofisini akanipa karatasi moja iliyochapwa. Inasema kwamba nilikuwa natania, kwamba nilieleweka vibaya, na kwamba "mwanamke huyo hayupo." Nikiisaini kabla ya tarehe 15 Machi narudi golini. Nisipoisaini, mkataba umekwisha, na Swalehe anasema hakuna klabu nchi hii itakayonigusa. Si mtu mbaya Swalehe. Aliniambia kwa upole, "Ni wino tu, Eli."

Karatasi nimeibana humu daftarini. Sijaisaini.

Mama alinipokea begi, akaniandalia makande, akaniuliza kama nimechoka. Kuhusu redio hakuuliza lolote. Alikaa ananitazama ninavyokula.

Jumatatu, 13 Januari

Nimekutana na Mzee Eliezeri njiani. "Shikamoo, Mzee." Kimya. Akapita.

Jumanne, 14 Januari

Nimelala nikiwaza ile shikamoo. Huku kwetu hata aliyekuibia kuku akikuamkia unaitika marahaba, halafu ndipo unamtukana. Mzee Eliezeri ndiye mwenyekiti wa kamati ya ndiva, lile bwawa letu la udongo hapo juu, ambalo maji hujikusanya usiku kucha na asubuhi tunafunguliwa kwa zamu. Nikiwa mdogo alikuwa akiniita "kipa wa kijiji." Nilipoitwa timu ya taifa mara ya kwanza alisimama kanisani akaomba nipigiwe makofi.

Sikukosea kumwamkia. Nitaendelea kumwamkia.

Jumanne, 21 Januari

Jua kali. Nimepalilia tangawizi na Mama. Amesema maneno sita, manne kati yake kuhusu magugu.

Jumamosi, 25 Januari

Nimepeleka mahindi mashineni. Kina mama wapo kama kumi kwenye foleni. Clemence, mwenye mashine, aliponiona tu akapaza sauti ishinde mtambo: "Karibu! Leo wasagaji tumetembelewa na msagaji mwenzetu!"

Wakacheka. Neno hilo ndilo wanalonitumia kwenye simu, mara mia kwa siku, na nilidhani nimeshaota sugu. Sijaota. Lilinichoma hadi masikioni.

Nikatua debe langu chini nikamwambia, "Clemence, kijiji hiki kina msagaji mmoja tu mwenye kibao mlangoni, na ni wewe. Saga basi, tuone kama kazi unaiweza."

Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Ernesta, jirani yetu, ndiye aliyecheka zaidi, akashika mbavu. Clemence akanuna. Unga alionipa ni chenga tupu. Ugali wa leo tumeutafuna.

Alhamisi, 30 Januari

Shikamoo, Mzee. Kimya. Mtendaji wa kijiji amepita nyumbani kuuliza nitakaa mpaka lini. Nikamjibu, mpaka nitakapoondoka.

Alhamisi, 6 Februari

Leo nina hasira, na zaidi ya yote najikasirikia mimi mwenyewe.

Jana jioni pembe ilipigwa. Pembe ikilia kwetu maana yake kesho ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu, watu washuke ndani ya ndiva wazoe tope pamoja. Nyumba isiyotoa mtu inakosa zamu ya maji. Goti la Mama limevimba, kaka yangu Anderson yuko Dar na hapokei simu zangu, kwa hiyo mtu wa nyumba yetu ni mimi. Nikachukua jembe nikaenda.

Katibu ni Asheri. Nimesoma naye. Ndiye aliyekuwa akinipigia penalti uwanja wa shule mpaka giza linaingia, na ndiye aliyenifundisha kwamba mpigaji usimtazame usoni, mtazame mguu. Leo yeye ndiye aliyekuwa anatazama miguu yangu. Kalamu mkononi, daftari la mahudhurio kifuani.

Mzee Eliezeri akasema, bila kunitazama, "Hatukukuita wewe."

"Nimekuja kwa ajili ya nyumba yetu, Mzee."

"Nyumba ya Mama Anderson leo haina mtu. Siku utakapokanusha ule uchafu wako, utaandikwa."

Watu zaidi ya hamsini, na hakuna aliyekohoa. Mimi niliyesimama mbele ya uwanja mzima unanizomea nikadaka, nikageuka na jembe langu nikarudi nyumbani. Nimeona aibu njia nzima, na si aibu ile waliyotaka niione. Naona aibu kwa sababu niliondoka.

Jibu limenijia nikiwa nimeshaingia jikoni. Pembe ilipigwa, na pembe haikutaja jina la mtu. Hilo ndilo nililopaswa kusema.

Ijumaa, 7 Februari

Zamu yetu imepewa nyumba nyingine. Mama kasimama shambani anasikiliza maji yakipita juu ya shamba lake kwenda kwa watu.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeshuka Same kumtafutia Mama dawa ya goti. Joto, upepo, vumbi mpaka kwenye meno. Madukani wanauza maua ya plastiki mekundu kwa ajili ya wapendanao, yameshafifia kwa jua.

Pale stendi kulikuwa na bango langu la bonanza la mwaka jana, nimeruka na mpira mikononi. Wamelikwangua uso. Mikono wameiacha, glavu na mpira vimo bado. Nilisimama nikalitazama mpaka watu wakaanza kunitazama mimi. Nikawaamkia wote kwa sauti.

Kisha nikaenda kumwona yule niliyemsema redioni. Jina lake sitaliandika humu, daftari laweza kuibiwa. Nitamwita Nasha. Anauza dukani dawa za mifugo, na wafugaji wa huko tambarare wanamwamini kuliko daktari. Watu wananitafuta mimi kwa sababu nimejisema. Yeye hajasema, na hilo ni lake. Hakuna atakayelitoa kinywani mwangu.

Hatukuweza hata kushikana mikono. Nilisimama mbele ya kaunta kama mteja, nikampa karatasi ya Swalehe aisome. Akaisoma taratibu. Mzee mmoja akaja kununua dawa ya kupe, akamhudumia, akamwelekeza namna ya kuchanganya, akarudi kwenye karatasi.

"Ukisaini sitakulaumu," akasema. "Najua mpira ni nini kwako."

"Lakini?"

"Lakini hapa wameandika sipo." Akaweka kidole juu ya mstari. "Nimesimama hapa tangu asubuhi nauza dawa ya kupe, Eli. Miguu inaniuma. Halafu karatasi inasema sipo."

Alikuwa anacheka, na macho yamejaa machozi. Nampenda. Naandika hapa kwa wino: nampenda.

Jumapili, 23 Februari

Mama amerudi kutoka kanisani mapema. Benchi alilokaa hakuna aliyekuja kukaa naye. Ameimba alto peke yake benchi zima, anasema, na hakukosea hata noti.

Jumatano, 26 Februari

Ncha za tangawizi zimekuwa njano. Nimebeba maji kwa ndoo kutoka kijitoni, safari kumi na nne. Shamba limekunywa kama halijapewa kitu. Shikamoo, Mzee. Kimya.

Jumapili, 2 Machi

Hatimaye Mama amesema.

Tulikuwa tunachambua maharage barazani. Akasema, bila kuinua uso, "Isaini hiyo karatasi."

Kumbe aliiona siku nyingi. Daftari hakulisoma, anasema, karatasi tu ilikuwa imechungulia.

"Mama, ni uongo."

"Ni karatasi. Saini, umpelekee Eliezeri aione, turudishiwe maji. Urudi kwenye mpira wako. Halafu mengine ni kati yako na Mungu."

"Na wewe? Wewe unaniona vipi?"

Akaendelea kuchambua. "Mimi nilikuzaa," akasema. "Jambo lako silielewi. Nikilifikiria kichwa kinaniuma. Usiniulize leo."

Nimekasirika, nikatoka. Nimekimbia mpaka juu kwenye msitu na kurudi. Namkasirikia, na bado ndiye mtu pekee anayenipikia.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Miaka miwili mfululizo nilialikwa kama mgeni wa heshima, nikavaa sare ya kitenge, nikawaambia wasichana wasimame wima. Mwaka huu sijaalikwa. Nimesimama wima shambani.

Jumatatu, 10 Machi

Swalehe amepiga simu. Kuna mechi ya kirafiki ya taifa Aprili, na kipa namba mbili ameumia kidole. "Wanakuhitaji, Eli. Wanasubiri saini tu." Usiniulize nimelalaje.

Jumatano, 12 Machi

Pembe imelia jioni hii. Kesho msaragambo. Nimenoa jembe.

Alhamisi, 13 Machi

Nimechoka, lakini leo lazima niandike yote.

Asubuhi nikakuta Mama amevaa viatu vya shamba, fimbo mkononi. Goti bado limevimba. "Nakuja na mimi," akasema. Kisha akanionyesha alichokuwa amefunga kwenye pindo la khanga: karatasi ya Swalehe, imekunjwa vizuri, na biro. "Utasaini mbele ya Eliezeri, yaishe." Tulipanda, mimi nimeshika jembe na karai, yeye akisimama kila hatua ishirini kupumzisha goti.

Watu walikuwa wameshajaa kwenye ukingo wa ndiva. "Shikamoo, Mzee." Kimya. Kisha lile lile: "Hatukukuita wewe."

"Pembe ilipigwa jana jioni, Mzee," nikasema, "na haikutaja jina."

Nyuma mtu akacheka, akajizuia. Sikungoja jibu. Nikavua viatu nikashuka kwenye tope mpaka magotini.

Kazi yenyewe iko hivi: walio ndani wanajaza makarai, kisha makarai yanapanda mkono kwa mkono mpaka ukingoni. Nikajaza la kwanza nikalinyanyua kumpa aliyekuwa juu yangu. Akageukia upande mwingine. Nikabaki nimelishika. Tope la ndiva ni zito. Nikalipandisha mwenyewe mpaka juu, nikamwaga, nikashuka. La pili hivyo hivyo. Nilipandisha makarai tisa peke yangu, mlolongo wote umenipa mgongo, na nikaapa moyoni kwamba nitapandisha mia kama ndivyo wanavyotaka. Siondoki tena hapa.

La kumi, mikono miwili ikashuka mbele yangu. Ernesta.

"Lete bwana," akasema, "tutachelewa kupika."

Hakusema zaidi ya hapo. Nikampa, akampa aliyefuata, na yule aliyefuata akajikuta ameshapokea. Tukafanya kazi mpaka jua likawa utosini.

Kisha Asheri akafungua daftari akaanza kuita nyumba. Akaita moja moja. Akafika kwetu, akaruka. Alipomaliza Mzee Eliezeri akatangaza, "Nyumba ya Mama Anderson haina mtu."

Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe. Akasimama. Niseme hapa kwamba Wapare tuna sifa ya kutoacha kesi. Watani wetu wanatucheka kwamba kwa kesi ya jogoo mmoja tutauza ng'ombe. Mama yangu amewahi kuendesha kesi ya mpaka wa shamba miaka tisa, na upana wa mgogoro ulikuwa hatua mbili. Nilipoona amesimama hivyo, nikajua kuna jambo.

"Eliezeri," akasema, "ndiva hii baba yangu alikuwa mmoja wa walioichimba. Baba yako pia. Sheria yao ni ipi?"

"Mama Anderson, mambo haya..."

"Nimeuliza sheria."

"Anayetoa tope ndiye anayepata maji."

"Haya. Sheria inasema tope. Imetaja kitanda cha mtu?"

Wanawake wakapiga kelele. Mzee akainua fimbo wanyamaze. "Basi akanushe! Tumesikia karatasi ipo. Asaini tumwandike, tumalize."

Mama akafungua pindo la khanga. Akaitoa karatasi, akatoa na biro. Nilijua akininyooshea mbele ya watu wote wale, akiwa amesimama kwenye goti lile, sitaweza kumkatalia.

Hakuninyooshea. Aliisoma kwanza. Mama husoma akichezesha midomo, na niliona alipofika kwenye ule mstari, kwa sababu midomo ilisimama.

"Hapa wameandika mwanamke huyo hayupo," akasema. Akaniangalia. "Yupo?"

Watu zaidi ya hamsini walikuwa wananitazama.

"Yupo, Mama."

"Kwa hiyo hii ni uongo."

"Ni uongo."

Akatikisa kichwa, kama anavyotikisa akiona mbegu mbovu. "Miaka tisa ya kesi," akasema, "na sijawahi kuweka uongo kwenye maandishi. Anayefanya hivyo ndiye anayefungwa." Akaigeuza karatasi upande usioandikwa, akaiweka juu ya karai la Ernesta lililopinduliwa, akainama na goti lake akaandika, akisoma kwa sauti: "Tarehe 13 Machi. Elinaza ametoa tope la ndiva tangu asubuhi mpaka saa sita. Sisi tuliosaini hapa tumemwona." Akaandika jina lake kwanza. Kisha akanipa biro.

Nikaandika majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa. Tope likadondokea karatasini.

"Nani mwingine kaona?" Mama akauliza.

Nilisubiri muda mrefu kuliko penalti yoyote niliyowahi kuisubiri. Kisha Ernesta akafuta mikono kwenye khanga akasaini. Akaja mama mmoja wa benchi la alto, hamtazami mtu. Wakaja wawili. Halafu Clemence akajitokeza, yule yule wa chenga, mikono imejaa tope. "Mimi siwezi kushika biro hivi nilivyo," akasema. "Niandikieni: Clemence, msagaji."

Kijiji kizima kilicheka. Na mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Majina kumi na moja. Waliobaki hawakusaini, na wengine walitema mate wakaondoka. Asheri alimtazama Mzee, akanitazama mimi, usoni safari hii, akafungua daftari la mahudhurio akaandika mstari mmoja. Mzee Eliezeri akachukua pembe yake akaondoka bila kuaga.

Njiani Mama akasema, "Usifikiri nimelikubali lako. Naliombea kila asubuhi na nitaendelea kuliombea."

"Sawa, Mama."

"Ila uongo siuwekei saini. Na maji yangu siachi."

Ijumaa, 14 Machi

Maji yamefika. Nimesimama na jembe nayaelekeza, tuta moja moja, miguu peku.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya mwisho. Nimeikunjua karatasi ili niipige picha, na ndipo nimeona jina la kwanza kabisa, lile aliloandika Mama akiwa ameinama. Tangu kaka yangu azaliwe kijiji hiki hakijamwita kwa jina lingine ila Mama Anderson. Hivyo ndivyo anavyosaini hata kwenye kitabu cha kwaya.

Ameandika: Mama Elinaza.

Nimekaa nayo muda mrefu. Kisha nikapiga picha nikamtumia Swalehe. Akapiga simu hapo hapo.

"Eli, nashukuru, naona saini. Lakini mbona sielewi, hii imeandikwa mambo ya tope?"

"Ulitaka saini yangu, umepata."

"Umesaini nyuma! Upande wenyewe ni ule mwingine."

"Upande wenyewe ni huo, Swalehe."

Akavuta pumzi. Akaniambia anasikitika, na namwamini. Mkataba umekwisha kuanzia leo. Aprili atasimama golini mtu mwingine, na nimelia, sitaficha. Nimelilia lile goli kama anavyoliliwa mtu. Kisha nikampigia Nasha nikamsomea majina yote kumi na matatu, langu na la Mama yakiwemo. Aliposikia "Clemence, msagaji" alicheka sana. Akaniuliza msaragambo mwingine ni lini.

Jumatatu, 17 Machi

Wingu zito juu ya mlima Shengena, masika haiko mbali. Nimevaa glavu nikapiga mpira ukutani kwa shule saa nzima.

Wakati wa kurudi nimekutana na Mzee Eliezeri. Shikamoo, Mzee. Kimya.

Kesho namwamkia tena, kwa ile sauti ninayowaitia mabeki.